Nissan Leaf ya 2013, motoka ya umeme, miezi 9 mu Lubumbashi: vijiti 12 vya bongo (uongo), na batri ndogo yenye ilinitesa

Nianze na nyota juu najua kuko batu benye banasoma paka mwanzo alafu banaenda zao. Motoka yenyewe nyota 3. Muuzaji nyota 1, na hiyo moja ni juu ya tapi mupya za chini zenye alinipa bila kuomba. Fundi wa kwanza sifuri. Kijana wa solar mwenye alikuya kuniokoa nyota 5, na kama kuko ya 6 mumupatie. Majina ya hawa batu siweki hapa, Lubumbashi ni kijiji, tutakutana ku soko.

Motoka ni Nissan Leaf ya 2013, ile ya batri ya 24 kWh, volani kuume kama zote zenye zinatoka Japan. Niliinunua mwezi wa 10 mwaka uliopita, dola 5 800, dwani ndani. Mi nauza inifomu za shule ku soko ya Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile inchi), ninaishi kwarte ya Bel-Air, kila asubuhi nashusha batoto mu vile (katikati ya mji), napita Kenya, jioni narudia njia ile ile, jumla kilometa 35 ao 40, Jumamosi inazidi kidogo. Bwana yangu anafanya kazi Kolwezi, anakuya paka mwisho wa juma, kwa hiyo matatizo yote ya motoka njo yangu. Mbele nilikuwa na ka-Toyota kenye kalikula esansi ya dola 8 kila siku, na siku esansi inapotea ku stasio unanunua kwa Kadhafi (muuza esansi wa pembeni ya njia) na bidon yake, haujui amechanganya nini ndani. Hapo njo nilisema basi, nijaribu ya umeme. Batu banacheka: mama, umeme gani, na hii delestaji ya kukata-kata umeme? Balikuwa na haki, nusu.

Usiku wa kwanza. Nafika nyumba na furaha yote, natoa kebo mu kofri, ile kebo ya Japan yenye iko na kiboksi katikati, nachomeka ku prizi ya salon juu njo iko karibu na dirisha, napitisha kebo mu dirisha, batoto bamesimama kama ni arusi. Kiboksi kinawaka taa nyekundu. Natoa, narudisha, nyekundu. Najaribu prizi ya jikoni, nyekundu. Nampigia muuzaji simu saa 3 usiku, ananiambia bila ata kufikiri: «aa mama hiyo kebo itakuwa ilikufa mu meli, niko na ingine, dola 250». Niliamini. Kesho yake feza nilishahesabu ziko mu mukoba, lakini nilipita kwanza kwa yaya yangu (mukubwa wangu wa kuzaliwa) mwenye anaishi kwarte ya Golf kumupa pole ya kilio, nikasema wacha nijaribu hapa. Nachomeka ku prizi ya garaji yake: taa ya kijani, motoka inalia ka-mlio, zile taa tatu ndogo za bluu juu ya tablo zinaanza kuwaka moja moja. Kebo ile ile! Kumbe mgonjwa ni nyumba yangu, kebo ni nzima.

Kwa hiyo mwenye anasoma hii na kebo yake inakataa: mbele ya kununua kitu yoyote, nenda jaribu ku nyumba ingine. Ni bure. Mi iliniokolea dola 250 na sikukuwa ata na akili ya ufundi, ilikuwa bahati ya kilio.

Wiki tatu nilikuwa najaza motoka kwa yaya, kila siku ya pili, mpaka shemeji akaanza kuuliza-uliza habari ya fakture ya umeme kwa ile sauti yenye unajua. Njo nikatafuta kijana moja wa Kampemba mwenye anafungaka basolar, si fundi wa motoka hata kidogo. Alikuya na multimeta ya manjano na tornavis ya kupima. Akapima prizi: kati ya waya mbili za umeme, volti 211. Sawa. Kati ya umeme na tere (waya yenye inaenda mu udongo): 60, alafu 48, alafu 73, inatembea-tembea tu kama mlevi. Ananiambia, mama, hii nyumba haina tere. Nikamwambia iko, tundu ya tere si hii hapa? Akacheka, tundu iko, tere haiko. Tukafuata waya. Ile ya kijani na manjano inatoka ku kofre ya umeme, inapita ukutani, inatokea nyuma ya jikoni karibu na pale tunamwangaka maji ya kufua, na hapo imekatwa, kisu safi, kamebaki ka kipande kama kidole. Mpangaji mwenye alitutangulia alikata akauza mitraye (vyuma chakavu). Mu mji yenye imejengwa juu ya shaba, na terili (kile kilima cha mabaki ya shaba) inatuangalia kila siku, nyumba yangu haikukuwa na kilo moja ya shaba mu udongo.

Yule kijana alinielezea vizuri na mi naeleza vile nilisikia: kile kiboksi cha kebo, mbele ya kuruhusu umeme kupita kinaangalia kwanza kama tere iko, kama haiko kinakataa, juu ikitokea kitu kimeharibika ndani na umeme ukagusa bodi, mutoto mwenye atashika mulango akiwa pekupeku njo atakuwa tere. Frigo na televizio hazikuulize, njo maana tuliishi miaka 4 bila kujua. Alipigilia fimbo ya shaba ya mita 2 pale pale pa maji ya kufua, juu udongo yenye maji inapitisha vizuri, akaniambia mu kiangazi nimwange ndoo moja-moja. Dola 45 na kazi. Tukapima tena, umeme na tere: 210. Taa ya kijani. Nilipiga kigelegele, jirani akafikiri kuko ndoa.

Haikuishia hapo lakini. Siku tatu nyuma nikasikia harufu ya plastiki, prizi ya salon imekuwa laini kama bukari. Hii njo kitu muuzaji hakusema na fundi hakusema: motoka inavuta karibu ampea 15 kwa masaa 6 ao 7 bila kupumzika, hakuna kitu ingine mu nyumba inafanya vile, ata resho unaizima. Prizi ya kawaida ya soko haiwezi. Kijana akarudi, akapitisha waya yake peke yake ya 4 mm² kutoka ku kofre, na dijonkteri yake (swichi ya kukata umeme ukizidi), na prizi nene ya bluu ile ya bamashine. Dola 60. Tangu siku ile prizi inakuwa vuguvugu tu, nashikaka kila usiku na mukono, imekuwa kama maombi.

Na saa ya kujaza ni saa 5 ya usiku kuendelea. Mangaribi kila mutu anapika ku resho, nilipima saa 1 ya jioni ilikuwa 174, motoka inaanza, inaacha, inaanza, inaacha. Usiku kati batu bamelala inapanda 205, 210. Kama delestaji inakata katikati haiharibu kitu, umeme ukirudi inaendelea yenyewe. Ile kuogopa ya «delestaji itaua batri» ni hadithi ya kijiweni.

Sasa batri ndogo. Hii njo pane yenye ilinipa haya kuliko zote. Asubuhi moja ya mwezi wa 11, natoka na batoto, nabonyeza kitufe, tablo inawaka taa zote, manjano, nyekundu, ka-motoka na alama ya mshangao, fren, volani, zote, kama soko ya Noeli, alafu zinazima. Kimya. Batri kubwa nilijaza usiku, iko mia kwa mia. Batoto ba kwarte bakakuya mbio, «mama tusukume?», juu kwetu motoka haiwaki inasukumwa, ni sheria. Bakasukuma, bakatoa jasho, haisogei ata kidole, juu ile Leaf parking yake inafungwa na umeme, bila umeme magurudumu yamekamatwa. Hakuna kusukuma, hakuna «ingiza ya pili uachie ambrayaji». Hakuna ambrayaji.

Kamio ikaivuta ku garaji moja, magurudumu ya mbele juu. Fundi mukubwa, kombinezo safi, skana mu mukono. Akachomeka, akatoa makosa 14. Kumi na nne! Akanionyesha ekrani sawa mutu mwenye anaonyesha matokeo ya hospitali. «Mama, kompyuta imekufa. Hizi motoka haziko za hapa. Dola 1 200, na tunaagiza Dubai.» Na akaongeza, ngojea papa ya batoto akuye tuzungumuze naye. Nikamwambia papa ya batoto eko Kolwezi na feza ni ya mama. Nikaondoka.

Kijana wa solar alikuya ku ile garaji na multimeta yake, akafungua kapo, chini yake kuko batri ya kawaida, ya 12V, ya asidi, kadogo kama ya ka-Toyota. Sikujua ata kama iko. Akaweka nyaya mbili: 10,8. Akasema inapashwa kuwa 12,5 ao zaidi ikiwa imepumzika. Hii imekwisha. Akaunganisha na batri ya teksi ya pembeni, sekonde tano, nikabonyeza, kale kamotoka ka kijani na mishale kakawaka ku tablo, makosa 14 yote yakaenda. Fundi mukubwa akaanza kupangusa skana yake.

Hii niielewe na nyinyi muielewe: batri kubwa ya chini, ya volti 360 na kitu, haiwezi kujifungulia mulango. Kuko swichi kubwa ndani zinaifunga motoka ikizimwa, na mwenye anazifungua ni ile batri ndogo ya 12V. Ndogo ikichoka, kubwa inaweza kuwa imejaa mpaka juu, ni kama tanki ya maji bila robine. Na kompyuta zote za motoka zinakunywa ku ile ndogo, zikikosa volti zinaanza kusema ovyo, kila moja inaripoti kosa ya mwenzake, njo yale makosa 14. Ile batri ndogo ilichoka wapi? Hesabu mwenyewe: parki ya mnada Japan, meli, bandari ya Dar, kungojea makaratasi, alafu juu ya kamio Tunduma, Nakonde, Zambia nzima mpaka Kasumbalesa ku mupaka wetu, kungojea tena. Zile za esansi zinaendeshwa zenyewe kutoka Dar kwa konvoi na batri zinajijaza mu njia, Leaf inabebwa kama ng'ombe, miezi imelala bila mutu wa kuiamsha. Batri ya asidi ikilala tupu muda ule inakufa, ata ikisimama kidogo itaanguka tena.

Batri mupya dola 70. Tukapima tena motoka ikiwa imewaka: 14 na kitu, maana ile kifaa chenye kinashusha umeme kutoka batri kubwa kuja ndogo ni kizima. Na akakuta alarmi ya kichina yenye mutu alifunga Kasumbalesa ao hapa, inanyonya kidogo-kidogo usiku kucha, akaing'oa. Tangu pale miezi 8, ata asubuhi moja haijakataa. Dola 70 badala ya 1 200. Nikipita mbele ya ile garaji napiga honi.

Basi, hizi zote ni ndogo. Nakuja ku kubwa yenyewe, yenye bado iko nayo na itabaki.

Ku tablo ya Leaf, upande wa kuume, kuko vijiti vidogo 12, vya pembeni kabisa, si vile virefu vya chaji. Hivi njo vinaonyesha batri imebaki na nguvu gani ya maisha yake. Muuzaji alinionyesha na kidole: «mama hesabu, 12 kwa 12, kama mupya, Mujapani alikuwa anaendea tu kanisa». Nilihesabu. 12. Motoka ya miaka 12, vijiti 12, sikujiuliza kitu.

Tarehe za katikati ya mwezi wa 11, mvua ile ya kwanza yenye inakuya na hasira, natoka Ruashi kupeleka inifomu 40 ku shule moja, njia ya Kasenga, magaribi, taa zimewaka, viwipa, klima juu vioo vilijaa mvuke. Tablo inasema 21%. Nafikiri nafika bila shida, ni kilometa 9. Nikaona 17. Alafu 11. Sikufanya ata kilometa 2! Alafu inaanza kulia, na ku tablo kakatokea ka-picha ka kobe. Kobe kabisa, na gamba yake. Nakanyaga, motoka inatembea kama kobe kweli, nyuma busi zinapiga honi, konveyeri moja akatoa kichwa mu dirisha akanitukana na mama yangu, maji yanapita ku magoti ya batu, mtoto wa nyuma ananiuliza «mama, kobe inasema nini?». Nilizima klima, nilizima redio, nilizima mpaka pumzi. Nikaingia mu parsele ya rafiki ya kanisa, nikalala pale.

Mwezi wa 12, asubuhi, vijiti 11. Nikasema aa, kawaida. Wiki nyuma, 10. Mbele ya Noeli, 9.

Kijana akaweka ka-kifaa kadogo ka OBD (ka kusoma kompyuta ya motoka) chini ya volani, kale ka dola 15, na programu LeafSpy mu telefone. Ekrani ikaonyesha vijiti 96, kila kimoja ni jozi ya seli ndani ya batri, na juu yake kuandikwa SOH 69%. Maana ya ile namba: batri yenye ilizaliwa na 100 imebaki na 69. Akanielezea hesabu ya vijiti yenye haiko sawa vile unafikiri: kijiti cha kwanza kinaanguka ukishapoteza 15%, zile zingine kila moja ni kama 6% na kitu. Kwa hiyo 9 ni karibu 70. Inalingana. Sasa ile 12 yenye niliona siku ya kununua? «Mama, bamefuta kumbukumbu.» Kuko kifaa na programu, dakika chache, kompyuta ya batri inasahau yote inaamini ni mupya, inaonyesha 12. Alafu unaendesha, inajifunza ukweli pole-pole, wiki kwa wiki vijiti vinarudi ku haki yao. Na katikati hapo, juu inaamini iko na tanki kubwa kumbe tanki ni ndogo, njo inakuambia 21% alafu inakutolea kobe. Ile usiku ya Kasenga haikukuwa pane. Ilikuwa bongo ya muuzaji inatoka.

Nilimwita. Akasema ni joto ya Lubumbashi. Joto! Ni kweli batri ya Leaf haina maji wala feni ya kuipoza, na joto inazeesha batri, hiyo haiko siri, lakini sisi tuko mita 1 200 juu, na hakuna joto duniani inakula vijiti vitatu mu wiki sita. Nikamwambia vile. Akasema ananipigia kesho. Hiyo kesho bado haijafika.

Kosa ya muundaji siioni. Batri ya miaka 12 na 69% ni uzee wa haki, bibi yangu pia hafanye tena kilometa 100. Kama angeniambia 69 ningelipa dola 4 000 na tungebaki marafiki.

Na musifikiri programu ya telefone peke yake itawaokoa ku parki ya muuzaji. Kama kumbukumbu ilifutwa jana, programu pia itasoma bongo ile ile, inasoma kwa kompyuta ile ile. Chenye hakiwezi kudanganywa ni konteri ya umeme. Nilifanya hivi: niliendesha mpaka kobe (mu kwarte, mchana, bila inifomu), nikaandika namba ya konteri, nikazima frigo na kila kitu, nikajaza mpaka mwisho, nikaandika tena. Uniti 16,8 (uniti moja njo kWh moja). Na kuko zenye zinapotea njiani mu shaja. Leaf ya 24 yenye nguvu zake zote ingekunywa karibu 24 ao 25. Hesabu ya darasa la tano, na haina mjanja wa kuibadilisha. Kitu ingine ni kuangalia vile vijiti 96 wakati unakanyaga nguvu: kwangu vinashuka vyote pamoja kama batu banapiga magoti kanisani, isipokuwa kimoja kinapiga magoti zaidi. Hicho kijana anakifuatilia. Batri iko na moduli 48, moja inaweza kubadilishwa peke yake, lakini ni kushusha kitu ya karibu kilo 300 chini ya motoka, kutoa ile fishi ya rangi ya machungwa ya usalama, kungojea dakika 10 umeme ulale, na glavu za kweli. Hajawahi kufanya na aliniambia hajawahi. Hii njo sababu ya nyota 5, kwangu mimi fundi mwenye anasema «hii sijui bado» ni wa dhahabu. Usiruhusu mutu wa skana na kombinezo agusane na nyaya za machungwa.

Kuishi nayo sasa. Ikijaa nafanya kilometa 85, 90 nikiwa mpole. Kipushi kwenda na kurudi ni 60, nafanya, na inabaki. Likasi hapana. Kasumbalesa, ata kufika tu ni maombi. Mwezi huu wa 7 asubuhi ni baridi ya kuuma, ukiwasha shofaji unaona kilometa zinayeyuka ku tablo, kwa hiyo batoto banaingia na bulangeti na mi na kitenge juu ya koti. Umeme kwa siku ni kama uniti 7. Esansi ya dola 8 sinunui tena, hiyo peke yake imesharudisha tere, waya, batri ndogo na matusi ya konveyeri.

Fren bado ni nzima kabisa juu ukiachia pedali inajizuia yenyewe na inarudisha umeme kidogo. Vidanje (kubadilisha mafuta ya moteri) hakuna. Buji hakuna. Lakini chini kuko kama sentimeta 15 tu na batri njo iko pale, kwa hiyo matundu ya Bel-Air napita pembeni kama nyoka, na roturi (kiungo cha gurudumu) ya kushoto tayari inagonga, hiyo si umeme, hiyo ni barabara yetu. Maji yakifika katikati ya gurudumu nageuka, sijali wenzangu banapita.

Redio ni ya Japan, inaanza 76 na haifiki mbali, nusu ya redio za hapa haishike. Ku peaji volani iko upande mubaya, natuma mtoto wa kushoto alipe. Na kila asubuhi nikiwasha, mama moja wa Kijapani ndani ya motoka ananiambia maneno, sauti ya heshima sana. Miezi sita tulifikiri anatubariki, mtoto mdogo alikuwa anaitika «amina». Mwanafunzi moja akatutafsiria: anasema karte ya peaji haijaingizwa. Bado tunaitika amina.

Na kwa bale benye bananiuliza kama ni kobalti yetu iko chini ya kiti: dunia inachukua kobalti nyingi kabisa hapa kwetu na Lualaba, ndiyo, lakini batri za hizi Leaf za kwanza sehemu kubwa ni manganizi. Musinililie hapo.

Jumamosi iliyopita dada moja wa soko, anauza viatu pembeni yangu, ameona mi sipange tena mustari ku stasio, anataka yake. Tukaenda pamoja kwa muuzaji ule ule, eko na Leaf nyeupe imefika, vijiti 12. Nikamwambia hatuna shida na bei, tunaomba tu tuende nayo siku moja, tuimalize mpaka kobe, tuijazie kwa yaya Golf, tuangalie konteri. Akatuangalia. Akasema mwenye ufunguo ameenda Kasumbalesa. Ufunguo ulikuwa juu ya meza, karibu na chai yake.